Kuondoa sumu kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka pande mbili. Wapo wafanyakazi wanaoamka asubuhi tumbo likiwakata kwa kufikiria kazi tu, na wapo mameneja waliokabidhiwa idara iliyokwishaharibika wakaambiwa wainyooshe. Sumu ninayoizungumzia ni mazingira ya kazi yanayowaumiza watu: dharau, vitisho, upendeleo na kisasi. Nimeyachanganya maswali makusudi, kwa sababu kila upande ungefaidika kusikia mwenzake anauliza nini.

Bosi wangu ni mkali na kazi ni nyingi. Hiyo ndiyo sumu?

Si lazima. Kuna ofisi zenye makataa ya kubana na mkuu asiyecheka ovyo, na bado watu wake hawataki kuhama. Ukali juu ya kazi na dharau kwa mtu ni vitu viwili. Bosi anayesema "ripoti ina makosa matatu, irekebishe kabla ya saa kumi" ni mkali. Anayeuliza mbele ya kikao kizima "hivi wewe nani alikuajiri?" hajagusa ripoti hata kidogo, amemgusa mtu.

Mwaka 2022 Donald Sull, mtafiti wa utamaduni wa makampuni, na wenzake walichambua maoni ambayo wafanyakazi wa makampuni makubwa ya Marekani huandika mtandaoni kuhusu waajiri wao. Mambo matano ndiyo yaliyochafua sifa ya mwajiri kuliko mengine: kudharau watu, kubagua, kukosa uadilifu, kukanyagana ili mtu apande, na kunyanyasa. Katika uchambuzi wao mwingine wa mwaka huohuo, sumu ya namna hiyo ilitabiri kuondoka kwa wafanyakazi mara 10 zaidi ya suala la mshahara. Kwa hiyo meneja anayesema "wanaondoka kwa sababu ya hela" aulize tena.

Kipimo changu mimi ni kifupi zaidi. Angalia yanayompata mtu anayeleta habari mbaya. Akisikilizwa, kazi inaweza kuwa ngumu lakini ni nzima. Akigeuziwa kibao yeye mwenyewe, sumu ipo, hata kama ukutani mmebandika maadili ya kampuni kwa herufi za dhahabu.

Ni sisi tu wenye bahati mbaya?

Hapana. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na Shirika la Kazi Duniani (ILO), pamoja na wakfu wa Lloyd's Register Foundation na kampuni ya kura za maoni ya Gallup, ulikuta kwamba zaidi ya mtu 1 kati ya 5 walio kazini amewahi kupata ukatili au unyanyasaji kazini. Ule wa kisaikolojia, yaani matusi, vitisho na kudhalilishwa, ndio ulioongoza. Takriban nusu tu ya waliofanyiwa ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote.

Tukimwondoa yule mmoja, si mambo yatakuwa sawa?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na ningependa jibu liwe ndiyo.

General Motors walikuwa na kiwanda cha magari Fremont, California, kilichosifika kwa ubaya. Utoro ulifikia karibu mfanyakazi 1 kati ya 5, malalamiko rasmi yalirundikana kwa maelfu, watu walikunywa pombe zamu ikiendelea, na wengine waliharibu magari kwa makusudi. Kampuni ikasema tatizo ni wafanyakazi, ikakifunga mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Sehemu kubwa ya walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, pamoja na viongozi wao wa chama cha wafanyakazi. Haikupita miaka mingi utoro ukashuka hadi asilimia chache tu, na magari yakatoka na ubora uliokaribia ule wa viwanda vya Toyota vya Japani.

Kilichobadilika ni nini, kama watu walikuwa walewale? Kimojawapo ni kamba. Zamani mstari wa kuunganishia magari haukusimamishwa kwa sababu yoyote. Bolti ikikosekana, gari lilipita hivyohivyo likarekebishwe uwanjani. Ndani ya NUMMI mfanyakazi yeyote aliruhusiwa kuvuta kamba iliyoning'inia juu yake akiona kasoro, na kiongozi wa kikundi alikuja kusaidia, si kufoka. Kasoro ikisomeka kama habari, watu huacha kuificha. Jingine ni ahadi: uongozi ulisema hautapunguza watu ila pale pasipo na njia nyingine, na mauzo yalipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980 wafanyakazi walipelekwa mafunzoni badala ya kuachishwa. Ahadi iliyopita kwenye mtihani namna hiyo hufanya kazi ambayo hotuba haziwezi.

Kuna nusu ya pili ya kisa, ambayo wanaokihadithia hupenda kuiruka. GM walijaribu kupeleka utaratibu huo kwenye kiwanda chao cha Van Nuys, kulekule California. Waliiga, lakini mameneja wengi hawakukubali kwamba wao nao walitakiwa kubadilika. Haikushika, na kiwanda kikafungwa mwaka 1992.

Kwa hiyo yule mmoja huenda kweli anastahili kuondoka. Ila kabla hujamwandikia barua, uliza ni nani aliyempandisha cheo, nani aliyekuwa akipokea malalamiko juu yake, na yalienda wapi. Usipopata majibu, kiti kile kitamzaa mwingine.

Mimi ni meneja. Kila ninayemuuliza anasema mambo shwari. Niamini?

Usiamini haraka. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi hospitalini akitarajia kwamba timu nzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja kinyume: timu zenye uongozi mzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Hazikuwa zikikosea zaidi, bali watu wake hawakuogopa kusema. Kwingine makosa yalikuwepo, yamefunikwa. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo wengi tulivyolelewa kazini.

Badala ya kuuliza "mna tatizo?", tazama. Kikaoni nani hazungumzi kabisa? Ukitoka chumbani, mazungumzo yanaanza? Mara ya mwisho mtu kukupinga hadharani ilikuwa lini, na leo yuko wapi? Kama wanaokuzunguka wote ni wa "ndiyo mkuu", usijipongeze kwa umoja. Machawa hawaambukizi amani, wanaikopa tu hadi siku utakapoondoka.

Swali ambalo huleta majibu ya kweli zaidi ni dogo: "Ni kitu gani kimoja kilichokupotezea muda wiki hii?" Mtu ataanza na printa mbovu. Ukiitengeneza printa, wiki ijayo atakutajia jina la mtu.

Tuanzie wapi?

Msianze na semina. Sina ugomvi na semina, ila watu waliochoka kudharauliwa wakipelekwa hotelini kufundishwa kuheshimiana, na aliyewadharau amekaa meza ya mbele anaandika, mmezidisha kejeli.

Anzeni na jambo moja ambalo kila mtu analijua, linalouma, na lililo ndani ya uwezo wenu. Chukulia idara ambayo msimamizi hupanga zamu kichwani mwake. Anayemkosoa hupewa za usiku na wikiendi, anayemletea habari za wenzake hupewa asubuhi. Hakuna atakayethibitisha chochote kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Sasa weka kanuni: ratiba inabandikwa wiki mbili kabla, zamu za usiku zinazunguka kwa mpangilio wa majina, wawili wakitaka kubadilishana wanasaini wote, na msimamizi akibadilisha anaandika sababu pembeni. Hujamhubiria mtu yeyote, lakini umemnyang'anya fimbo. Wiki ya kwanza atanung'unika kwamba hamumwamini. Mwacheni anung'unike, karatasi ibaki ukutani.

Kisha tafuteni fimbo inayofuata: nani anapata safari za kikazi, nani anasaini likizo, tathmini ya mwaka inajazwaje. Upendeleo hukaa mahali ambapo uamuzi ni wa mtu mmoja na halazimiki kuueleza kwa yeyote.

Tuna mtu ananyanyasa wenzake lakini ndiye anayeleta mauzo. Tumfanyeje?

Hapa ndipo maneno yote kuhusu utamaduni wa kampuni hupimwa, na wengi hufeli. Kila siku anayobaki bila kuguswa, wengine wanajifunza bei: ukileta kiasi fulani, unaruhusiwa kutukana. Na wanajifunza upesi sana.

Hesabu ya faida yake huwa haijakamilika. Weka upande wa pili walioacha kazi chini yake, gharama ya kuajiri na kufundisha wapya, siku za ugonjwa, wateja waliohudumiwa na vijana wanaotetemeka. Weka na mawazo ambayo hayakutolewa kabisa, ingawa hayo hayana risiti.

Mwite peke yake. Usianze na tabia yake ("wewe una kiburi"), anza na tukio: "Jana mbele ya mteja ulimwambia mwenzako hana akili. Hilo halirudiwi." Atakujibu kwa namba zake. Zikubali, kisha rudi palepale: "Namba zako nazijua. Tunazungumzia jana." Mpe muda unaojulikana, andika mliyokubaliana, na bonasi yake ifungwe pia kwenye namna anavyofanya kazi na watu. Akirudia, barua ya onyo itoke, bila kujali mwezi huo ameleta nini. Wengine hubadilika kweli, maana hawakuwahi kuambiwa waziwazi. Wengine hutishia kuondoka. Huyo mshukuru kwa utumishi wake.

Utafiti wa maoni wa siri unasaidia?

Unasaidia kama ni wa siri kweli. Idara ina watu sita, fomu inauliza jinsia, umri na miaka ya utumishi: hapo mmemtaja mtu kwa jina. Na msiulize jambo ambalo hamko tayari kuligusa. Kuuliza halafu kukaa kimya ni kubaya kuliko kutouliza.

Kazi nyingi kupita kiasi nayo ni sumu, au ni uvivu wetu?

Ni sumu, tena inayopimika. Shirika la Afya Duniani (WHO) na ILO walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. WHO pia imeuingiza uchovu mkali wa kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito, kwa sababu yanahamisha lawama kutoka kwa aliyechoka.

Robert Karasek, mtafiti wa msongo wa kazi, alikwishaonesha mwaka 1979 kwamba kinachoumiza zaidi ni mzigo mkubwa ukikutana na uamuzi mdogo: unatakiwa utoe mengi, lakini huna kauli juu ya uyatoe vipi wala lini. Ndiyo maana matunda mezani na mazoezi ya viungo kila Ijumaa havifiki mbali. Punguza mzigo, au ongeza kauli.

Na ujumbe wa usiku? Ufaransa iliweka kwenye sheria yake, tangu Januari 2017, kwamba makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi yajadiliane nao kuhusu haki ya kuzima mawasiliano nje ya saa za kazi. Huhitaji kusubiri sheria. Bosi akiandika saa nne usiku kwenye grupu la WhatsApp "si haraka, mtaona kesho", wote wameshaamka. Andika ukitaka, ila utume asubuhi.

Majungu na umbea tuvidhibiti vipi?

Msivipige marufuku, havisikii. Majungu hushamiri pale habari rasmi zinapochelewa. Kukiwa na fununu ya kupunguza watu, semeni mnachojua, msichojua, na lini mtajua. Mtu akija kumchongea mwenzake, mjibu: "Umemwambia mwenyewe? Basi nimwite tuzungumze watatu." Ukifanya hivyo mara kadhaa, foleni ya wachongeaji mlangoni kwako itapungua yenyewe.

Tahadhari moja: mtu anayekuja kusema ananyanyaswa si mchongeaji. Huyo usimwitie anayemlalamikia.

Mimi sina cheo chochote. Naweza kufanya nini?

Cha kwanza, andika. Na andika vizuri. "Leo bosi kaninyanyasa tena" haitakusaidia mbele ya mtu yeyote. Hii itakusaidia: "Jumanne, saa 4 asubuhi, chumba cha mikutano. Niliomba siku mbili za ziada kwa sababu takwimu za mauzo hazijafika. Akasema, mbele ya watu watatu: 'Kama umechoka, mlango uko wazi.' Saa 5 nilimwandikia barua pepe kuthibitisha makataa. Hakujibu." Tarehe, mahali, maneno yenyewe, waliokuwepo, ulichofanya baadaye. Weka kumbukumbu hiyo nyumbani, si kwenye kompyuta ya kazini, na usichukue nyaraka za siri za mwajiri, maana zitageuzwa kesi dhidi yako.

Cha pili, maagizo ya mdomo yageuze maandishi kwa upole: "Bosi, kwa kumbukumbu tu, tumekubaliana nianze na ripoti ya mkoa, ile ya wateja isubiri hadi Alhamisi. Nikiwa nimekosea naomba unirekebishe." Hilo si shari. Ni ulinzi.

Cha tatu, usiwe peke yako. Mwenzako akikatizwa kikaoni, sema: "Samahani, dada alikuwa hajamaliza." Maneno manne tu, na aliyezoea kukatiza amegundua kwamba kuna anayehesabu. Mkiwa na jambo la pamoja, pelekeni wengi, au kupitia chama cha wafanyakazi. Mtu mmoja huitwa mkorofi, watano huitwa hoja.

Niende rasilimali watu? Wako upande wa nani?

Nitakujibu bila kupamba: wanalipwa na mwajiri, na kazi yao ni kumlinda mwajiri. Wazuri wanajua kwamba njia bora ya kumlinda ni kushughulikia malalamiko ya kweli mapema. Wabaya hudhani ni kuyazima. Kabla ya kwenda, uliza waliokwenda kabla yako yaliwapata nini.

Kwa ninyi mlio katika ofisi hiyo: utaratibu wa malalamiko unahitaji angalau njia mbili, maana haina maana mtu amshtaki msimamizi kwa msimamizi. Anayechunguza asiwe chini ya anayechunguzwa. Mlalamikaji apewe tarehe ya kujibiwa. Halafu fanyeni lile ambalo karibu kila mtu hulisahau: mwezi mmoja na miezi mitatu baadaye, fungueni jalada lake. Zamu zake zimebadilika? Tathmini imeshuka ghafla? Likizo imekataliwa? Anaalikwa vikaoni? Kisasi mara nyingi hakiji na barua. Kinakuja kwa mtu kuwekwa benchi taratibu hadi achoke aondoke mwenyewe.

Mkataba wa ILO namba 190 wa mwaka 2019, ulioanza kutumika Juni 2021, unazitaka nchi zilizouridhia zimlinde mfanyakazi dhidi ya ukatili na unyanyasaji, pamoja na kisasi kwa aliyelalamika. Unawagusa hata wanaojitolea, walio mafunzoni na wanaotafuta kazi. Angalia kama nchi yako imeuridhia na sheria zake zinasemaje.

Na kama sumu inatoka juu kabisa?

Samaki akianza kuoza kichwani, meneja wa kati hawezi kumwokoa samaki mzima. Anaweza kulinda watu wake: asishushe matusi anayopokea juu, achuje maagizo ya kichaa, aandike anayoagizwa. Huchosha sana, na hakuna anayeweza kuifanya kazi hiyo miaka na miaka.

Wenye makampuni nao wajue kwamba sera inaweza kuwa unyanyasaji hata kama bosi hajamfokea mtu. Uongozi wa France Télécom, kampuni ya simu ya Ufaransa, ulitaka watu 22,000 waondoke kati ya mwaka 2006 na 2008, wengi wakiwa na ajira zilizolindwa, na ukatumia mbinu za kuwavunja moyo waondoke wenyewe. Baadhi ya wafanyakazi walijiua. Desemba 2019 mahakama ya Paris iliwatia hatiani waliokuwa wakuu wake kwa unyanyasaji wa kitaasisi, na kampuni ikatozwa faini ya euro 75,000, kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na sheria. Si fedha nyingi kwa kampuni ya simu. Lakini hoja ya "sisi tulipanga mkakati tu" haikusikilizwa.

Kama kazi imekufikisha mahali unawaza kujidhuru, suala la kurekebisha ofisi lisubiri. Zungumza leo na daktari au mtu wako wa karibu.

Tutajuaje kwamba tunapona?

Malalamiko yataongezeka kwanza. Wakurugenzi wengi hutaharuki hapo na kusitisha kila kitu, ilhali hiyo ndiyo dalili kwamba watu wameanza kuamini. Baada ya hapo angalieni vitu vya kawaida: nani anaondoka na kutoka idara gani, siku za ugonjwa, makosa yanaripotiwa baada ya muda gani. Miezi michache inatosha kurekebisha ratiba. Kurudisha imani ya watu waliowahi kudanganywa huchukua miaka, na kiongozi mmoja mpya anaweza kuifuta kwa wiki.

Nimeamua kuondoka. Kazi mpya nitaijuaje kabla sijaingia?

Kwenye usaili, uliza aliyekuwa na nafasi hiyo yuko wapi sasa. Kama amepanda cheo, watakuambia kwa furaha. Wakitazamana kwanza, umeshajibiwa nusu. Uliza pia: "Mara ya mwisho jambo lilipoharibika hapa, mlifanyaje?" Anayeanza kwa kutaja aliyekosea, na asimalize kwa kueleza walichorekebisha, huyo ndiye utakayempelekea habari mbaya siku moja. Omba kuzungumza na mmoja wa wenzako watarajiwa bila bosi kuwepo. Na ukifika mapema ukakaa mapokezi, sikiliza wanavyozungumza na mlinzi na mhudumu wa usafi.